Tarehe ya Mvujoni na Bi Mwamvua Aliyelala Mtaroni

Sogeeni, enyi wana wa Songea! Sogeeni ninyi wa mjini na ninyi wa pembeni, wenye viatu na wenye ndala zisizofanana. Tueni ndoo, punguzeni redio, mwambieni mtoto wa jirani anyamaze, kwa maana nitasimulia tarehe, habari ya kale iliyo kubwa kuliko watu waliohusika nayo. Wengine watawaimbia vita vya mababu, ngao za ngozi na mikuki iliyokunywa damu. Mimi nitawaimbia mtaro. Nitawaimbia bomba lililopasuka, mandazi yaliyozama, na mwanamke mmoja mnene wa Kiyao ambaye kwa kulala chali katika tope aliuzaa mtaa wetu wa Mvujoni, mtaa ambao kwa muda mrefu haukuwa katika ramani yoyote isipokuwa ile aliyoichora mwenyekiti wetu mwenyewe, naye aliuchora mkubwa kuliko mtaa jirani wa Mfaranyaki.

Ewe Kumbukumbu, mama wa wambea wote, nishike mkono nisiongeze chumvi. Na ukiniona naongeza, geuza uso.

Ilikuwa katika miaka ile ya ruksa, vizuizi vilipokuwa vikiondolewa kimoja baada ya kingine, na maduka ya ushirika, ambayo rafu zake zilikuwa zimebeba vumbi kwa uaminifu mkubwa, yalipopata wapinzani: vibanda vya mbao vyenye sabuni za kunukia, betri za tochi, na makoti ya mitumba yaliyotoka kwa watu wa nchi za baridi, ambayo mwezi wa sita yalitufaa kana kwamba yalishonwa kwa ajili yetu. Hata asubuhi moja ya kiangazi likatokea lori kutoka Namtumbo, limeshiba mahindi mpaka linahema. Dereva wake aliitwa Pankrasi, naye katika miaka ya shida alikuwa bingwa wa kukwepa kizuizi cha mazao. Hapakuwa na kichaka asichokijua wala korongo asilolipita. Mwaka ule kizuizi kilikwisha kuondolewa. Watu wakampungia kutoka barabarani, wakipaza sauti, "Pita tu, Pankrasi, ni ruksa sasa!" Lakini yeye, aliyelelewa katika hila, akadhani ni mtego. Akakata kona, akaingia porini nyuma ya Mfaranyaki, akakikwepa kwa ustadi wote kizuizi ambacho hakikuwepo.

Gurudumu la nyuma likadidimia. Chini ya ardhi kukasikika mlio wa chuma, na bomba kuu la mji likapasuka, maji yakaruka juu na kumlowesha mwasisi wetu kuanzia kofia hadi kandambili. Pankrasi akatazama, akatamka maneno ambayo kila mtoto wa Mvujoni anapaswa kuyakariri: "Mama yangu wee." Kisha akawasha gari akaondoka. Hivyo mtaa wetu ulianzishwa na mtu aliyekuwa akikimbia kitu kisichokuwepo, na nikiwatazama wajukuu wa Mvujoni wanavyokwenda mbio asubuhi bila kujua waendako, naona damu haipotei.

Habari ikapelekwa kwa wenye mabomba, ofisi ambayo sitaitaja jina kwa sababu bado tunahitaji maji. Wakasema watakuja. Nao walikuwa watu wa kweli, maana walikuja. Ila sisi tulikwisha kujenga.

Wa kwanza kufika alikuwa Kajetani, Simba wa Tofali, Mngoni wa sauti nene na miguu myembamba. Aliliona dimbwi, akaona udongo, akafyatua tofali. Na tofali zilipokosa mnunuzi akazijengea nyumba ili asionekane amefyatua bure. Akamleta mkewe Adela, ambaye pombe yake ya komoni ilikuwa na nguvu ya kuwapatanisha maadui na kuwagombanisha ndugu katika kikao kimoja. Wa tatu ndiye shujaa wa tarehe hii, Bi Mwamvua Mwenye Karai, mjane wa upande wa Tunduru, kutoka vijiji vya karibu na Mbesa. Alikuja Songea na gunia la korosho, akapita pale kuosha miguu, akaketi juu ya jiwe, akatumbukiza vidole majini, akasema, "Alhamdulillahi, magoti yangu yamefika."

Magoti yale, wasikilizaji, yashikeni vizuri, kwa sababu bila magoti hakuna hadithi. Yalikuwa yamekufa zamani. Kupanda kilima na ndoo kichwani hakuweza tena, na kwao alikotoka hapakuwa amebaki mtu wa kumtekea. Hapa maji yalikuwa mlangoni. Aliinama kidogo tu, kopo likajaa. Akajenga kibanda hatua chache kutoka kwenye dimbwi, akaweka karai pana mithili ya ngao, akaanza kukaanga mandazi, na harufu yake ikawaita watu kuliko tangazo lolote la serikali.

Wakaja, naam, wakaja! Akaja kinyozi na kioo chenye ufa, akaja muuza mitumba, ikaja mashine ya kusaga iliyokohoa mchana kutwa. Kukawa na kigango cha Wakatoliki upande wa juu na msikiti wa udongo upande wa chini, na dimbwi katikati. Maji yaleyale yaliwatawadhisha wenzetu kwa sala ya alfajiri, yakabatiza watoto wetu wakati wa Pasaka, na siku za Jumamosi yakawa komoni. Sijasikia dini yoyote ikiyalalamikia. Watu wa Mfaranyaki, waliojiona wa mjini kwa sababu ya nguzo mbili za umeme, walituita watu wa dimbwi. Iliniuma wakati ule na inaniuma bado.

Kajetani alivaa koti la mitumba lenye vifungo vya dhahabu bandia, akaenda mjini kuomba tutambuliwe kuwa mtaa. Akajibiwa kwamba mtaa hauwezi kuanzishwa juu ya hitilafu. Akarudi, akala ugali, akalala, na kulipokucha akajitangaza mwenyekiti.

Sasa kabla sijawaingiza vitani, lazima niwakumbushe wageni jambo moja ambalo wenyeji wamenyonya kwa mama zao. Babu zetu Wangoni na babu zao Wayao walipigana. Wajukuu, walipoona ni taabu kupigana na huku wanaoana, wakachagua kutaniana. Mtani hukutukana na wewe hucheka. Na msiba ukitokea, mtani ana haki yake: hushuka kaburini kabla ya maiti, akajilaza kama yuko kwake, akasema hatoki mpaka apewe kitu. Humkaripii, humburuti. Anayemkasirikia mtani wake, siku yake ya kufa asimtafute.

Basi ikawa siku moja, jua la mwezi wa kumi likiwa limeikausha hata mito yenye majina, wenye mabomba wakatimiza ahadi. Likaja gari lao na ndani yake mhandisi kijana, Bwana Edmund, mtu wa mbali, mwenye kalamu mfukoni na soksi nyeupe. Pamoja naye alikuja fundi Valence, Mngoni wa palepale Songea, mabega mapana, spana kiunoni kama upanga. Bwana Edmund akanyoosha kidole kwenye dimbwi letu akasema, "Leo tunaziba. Kisha tunafukia." Hakusema neno juu ya sisi tutakunywa nini. Valence akashika sururu, akaanza kuchimba mtaro kulifuata bomba.

Mtaa ukatoka wote. Wanawake wakashika ndoo tupu, kinyozi akamwacha mteja nusu kichwa. Kajetani akapanda juu ya lundo la tofali, akafunga vifungo vyote vya koti lake, akapaza sauti:

"Simameni, enyi mliokuja na chuma! Mnaona dimbwi, sisi tunaona titi lililotunyonyesha! Mnaona hitilafu, sisi tunaona mji! Mimi Kajetani, mwana wa watu waliovuka mito mikubwa kwa miguu, nasema maji haya hayatazibwa ila juu ya mwili wangu!"

"Mzee wangu, shikamoo," akajibu Bwana Edmund kwa adabu. "Una mengi ya kusema?"

"Marahaba. Ninayo mengi mno!"

"Basi endelea. Na wewe Valence, endelea."

Wote wawili wakaendelea. Kajetani alipofika kwa babu yake mzaa baba, mtaro ulikuwa magotini. Alipofika kwa wajomba, ulikuwa kiunoni, na bomba lilikuwa wazi, jeusi, likitema maji kutoka kwenye jeraha lake. Maneno ya shujaa yalikuwa mazito, lakini sururu haikujua Kiswahili. Nilianza kuogopa. Nilimtazama Adela, naye alikuwa akilitazama pipa lake kama anayeaga.

Hapo ndipo alipotokea Bi Mwamvua. Alikuja polepole, magoti yakilalamika, karai kichwani likiwa na mandazi ya asubuhi, maana aliamini hakuna vita inayomzuia mtu kuuza. Akafika ukingoni pa mtaro ili amwambie Valence maneno mawili matatu. Udongo ulikuwa umelowa. Likatangulia karai, yakafuata mandazi, akafuata yeye.

Pwaa!

Hapa waandishi wa tarehe wanatofautiana. Wale wa Mfaranyaki, ambao husuda imewapofua, hudai kwamba mama yule aliteleza tu. Sisi wa Mvujoni hufundisha watoto wetu kwamba alijitupa kwa hiari, kama chui ashukavyo mtini. Mimi binafsi nilikuwa nyuma ya mtu mrefu. Nilichoona ni kwamba Valence aliinama mtaroni kwa muda mfupi, kisha akainuka mikono mitupu na uso wake umebadilika. Halafu sauti ikapanda kutoka ardhini, kali na yenye raha:

"We Mngoni! Shikamoo yako iko wapi? Au kwenu mkimkuta bibi kalala hamwamkii?"

"Shikamoo, bibi," akasema Valence.

"Marahaba. Haya, fukieni."

"Bibi, toka tafadhali. Utashikwa na baridi."

"Sitoki, wallahi! Mnazika bila kutuita watani? Nyie watu wa ngao mna haraka tangu zamani. Mlikuja mbio, mkapigana mbio, sasa na kuzika mnazika mbio!"

"Tunamzika nani, bibi?"

"Dimbwi! Limewalea watoto hapa, limeosha maiti na maharusi, leo mnalifukia hata chai ya matanga hamjachemsha. Mimi mtani nimeshika nafasi yangu. Sitoki mpaka nipewe haki yangu!"

Adela alikuwa wa kwanza kuelewa. Akafungua khanga ya mabegani, akaifunga kiunoni, akaweka mikono kichwani na kutoa kilio kilichowatoa njiwa kwenye paa la kigango: "Uuuwi! Dimbwi letu jamani! Umetuacha na nani?" Wanawake wakaitikia. Wazee wakavua kofia. Kinyozi akalia kwa nguvu kuliko wote, ingawa nadhani yeye alishangilia kupumzika. Matanga yakawa yamekaa.

"Huyu mama ni nani?" akauliza Bwana Edmund. "Valence, mtoe."

Valence akapanda juu, akalaza sururu chini kwa heshima. "Bwana mkubwa, mimi siwezi."

"Huwezi kwa nini?"

"Ni mtani wangu na kalala kaburini."

"Hili si kaburi! Ni mtaro wa bomba!"

"Mtaro ndiyo, bwana. Lakini yeye kalala kikaburi." Akajipangusa mikono kwenye suruali, na aliposema tena sauti yake ilikuwa ya chini. "Mama yangu mgonjwa, bwana mkubwa. Nikimburuta huyu bibi leo, siku ya msiba wangu Wayao wote wa mji huu watakaa kwao. Nani atanichekesha siku hiyo? Nilie peke yangu mpaka mwisho?"

Hilo vyuoni hawakumfundisha Bwana Edmund. Akakunja suruali kwa ushujaa ili ashuke mwenyewe. Akatazama kina cha tope, akatazama soksi zake, akaikunjua suruali.

Na kilio kilikuwa kimekwisha kuvuka bonde. Mnajua desturi yetu: mtu akisikia kilio haulizi kwanza, anachukua unga anakwenda. Wakaanza kushuka watu wa Mfaranyaki, wanawake wenye vikapu vya unga vichwani, wanaume wenye kuni begani, nyuso zimekunjamana kwa huzuni iliyokuwa tayari kwa marehemu yeyote. Mbele yao alikuwa mama mmoja aliyeitwa Dorine, ambaye ulimi wake ndio uliotubandika jina la watu wa dimbwi.

"Poleni sana," akasema. "Marehemu nani?"

"Dimbwi," akajibiwa.

Dorine akasimama. Tulingoja kicheko chake. Badala yake akatua unga, akaangalia maji yale, akasema, "Jamani, nami nilikuwa nafulia hapa," kisha akaangua kilio cha haki kabisa. Ikajulikana siku ile kwamba nusu ya mashuka ya Mfaranyaki yalikuwa yakifuliwa kwetu alfajiri, wakati sisi tumelala. Nilitaka kukasirika, lakini alilia vizuri mno.

Basi mhandisi akajikuta kati ya umati wa mitaa miwili, kuni, unga, na maiti ambaye alikuwa bado anachuruzika. Akamwuliza Valence kwa sauti ya mtu aliyeshindwa, "Anataka nini?"

Valence akainama. "Bibi, unataka nini?"

"Koki!" ikajibu ardhi. "Moja tu, hapahapa, ya kimo cha mtu asiyeweza kuinama. Mkinipa koki natoka, mkaliziba jeraha lenu mkaenda zenu."

"Bwana mkubwa," akasema Valence, "mpe. Tukiliziba bila koki, kesho watalitoboa. Nawajua, ni ndugu zangu."

"Koki ya watu wote huwekwa penye mtaa," akasema Bwana Edmund. "Huu ni mtaa gani?"

Ndipo Kajetani akasafisha koo. Alikuwa na jina tayari, tena refu, nalo lilikuwa na Kajetani ndani yake mara mbili. Akafumbua kinywa, lakini chini kule, mwenye haki alikwisha kuchoka.

"Mvujoni!" akapiga kelele Bi Mwamvua. "Sema Mvujoni, mjukuu wangu, na ufanye haraka, maji yananiingia masikioni!"

Bwana Edmund akasema, "Basi, koki ya Mvujoni. Nitaileta." Na Valence, asiyeamini sana neno *nitaileta*, akaenda garini, akatafuta chini ya kiti, akarudi na koki ya shaba iliyokuwa ikisubiri nyumba ya mkubwa fulani mjini. Bwana Edmund akaiona. Akageuka akatazama mlima Matogoro kwa muda mrefu, kama mtu anayependa milima.

Umati ukanguruma! Lakini vita haikuwa imekwisha, kwani mshindi alipoambiwa ainuke, hakuweza. Magoti yaliyomleta Songea yalikataa kumtoa mtaroni. Ikaletwa kamba ya kufungia tofali. Valence akashuka, akampitishia kwapani. Juu wakavuta Kajetani, Adela, Dorine, Wakatoliki wa kigango na Waislamu wa msikiti, Mvujoni na Mfaranyaki, wakiitana kwa mwitiko wa ngoma, hata ardhi ikamwachia kwa sauti ambayo sitaieleza mbele za watu. Akasimama juu, amejipaka tope kuanzia nyusi hadi nyayo, ndazi moja limemganda begani. Akalichukua, akalitazama, akampa Valence. "Kula, mtani. Umechimba." Akala.

Kabla jua halijazama koki ilisimama, ya kimo cha kiuno cha Bi Mwamvua. Yeye ndiye aliyeifungua. Maji yakatoka, akaosha uso, akanywa, wala hakuinama. Unga wa Mfaranyaki ukapikwa ugali, kwa maana unga ukishafika msibani haurudi. Kajetani akahutubia tena, na safari hii tulimpigia makofi, kwa kuwa tulikuwa tumeshiba.

Tangu hapo Mvujoni umekua. Una bati nyingi kuliko nyasi, una ofisi ya mtaa yenye kufuli, una wapangaji wanaolalamika. Na Bi Mwamvua, ambaye nilimpenda kama walivyompenda wote aliowahi kuwakopesha mandazi, alifariki mwaka mmoja mvua zilipoanza. Wenzetu wakamchimbia kaburi, na kabla hajashushwa tukamwona fundi Valence, sasa ana mvi, akivua viatu. Akashuka. Akalala chali.

"Sitoki," akasema. Shehe akakohoa, akatazama pembeni. "Sitoki mpaka niletewe maji ya koki yake."

Kajetani, mwenyekiti, mwenye umri mkubwa kuliko sote, hakutoa hotuba hata moja. Akaenda mwenyewe hadi bombani na kopo, akarudi polepole, nusu imemwagika njiani. Valence akanywa. Watu wakacheka, na waliokuwa wanalia wakacheka pia. Ndipo mtu mmoja wa Mfaranyaki, ambao hawakosekani, akamwuliza palepale, "Fundi, wewe ulikuwa mle ndani siku ile. Tuambie kweli. Alijitupa au aliteleza?"

Valence akaketi kaburini, kopo mkononi.

"Aliteleza," akasema. "Nikampa mkono nimwinue. Akaushika, akautazama, akauachia. Akaninong'oneza, 'Ngoja kwanza, mjukuu.'"

Basi enyi wana wa Songea, mkiulizwa nani aliuasisi mji wa Mvujoni, msiseme Pankrasi, wala Kajetani, wala serikali. Semeni ni mama mmoja aliyekuwa ameanguka, akapewa mkono, akasema, "Ngoja kwanza." Haya, chukueni ndoo zenu. Foleni ya koki inaanzia pale kwenye jiwe lake.